Mshika Simu wa Misiba ya Foa

"Kwani simu ndiyo iliyofiwa?"

Pisila aliuliza hivyo zamani kidogo, siku alipomkuta jirani yake Kalolaine akiizungushia simu kipande cha mkeka mkuukuu, kama wafiwa wanavyojifunga mikeka viunoni. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye nguzo ya kibaraza.

Leo hacheki. Ni saa mbili asubuhi, jua la kisiwa cha Foa limeshaanza kuuma, na Pisila ndiye anayeushika ule mkeka kwa ncha zake mbili huku Kalolaine akikaza uzi. Nyumba ya pili wanawake wanaimba. Mzee Heneli anazikwa leo.

"Wangapi safari hii?" Pisila anauliza.

"Saba. Watano wako Auckland, mmoja Sydney, na mmoja yuko ndani ya lori. Lori liko nchi gani, sijui."

"Mwambie asimamishe hilo lori. Msiba si redio, mtu asikilize huku anaendesha."

"Nimemwambia. Anasema bosi wake hafiwi."

Kalolaine anavuta pumzi. Midomo inacheza kidogo, sala fupi isiyo na sauti, kisha anaingia uani kwa wafiwa. Simu ameiinua kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa mpaka mdomo.

Ana miaka hamsini na mitatu. Kazi yake ya siku zote ni kusuka mikeka. Hii ya pili haina jina rasmi. Watu humwita mshika simu. Ukoo ukifiwa hapa, nusu yao wako ng'ambo, wanachuma matunda, wanafagia ofisi, wanalea wazee wa watu. Nauli hawana, au ruhusa hawana. Basi Kalolaine anawabeba mkononi tangu asubuhi mpaka udongo wa mwisho.

"Walinichagua kwa ajili ya mkono," anasema. "Nimesuka tangu utotoni, nikishika kitu hakichezi. Wengine wakishika simu wanalia, na simu nayo inaruka, walioko Auckland wanaishia kuona miguu ya watu na kuku."

Mshahara hakuna. Familia ikimtumia paanga ishirini, hela ya huku, za bando, anashukuru. Bando la paanga tano, anasema, huisha mchungaji bado yuko kwenye "ndugu zangu wapendwa". Jioni hupewa mgao wake wa nguruwe na viazi vikuu, na mara moja moja mkeka.

Lakini kushika simu ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kujua kila aliyemo ndani ya simu asimame wapi.

Watoto wa mzee Heneli walioko Auckland anawapeleka nyuma ya nyumba, kwenye moshi, kwa wapishi wanaofukia mashimo ya kuokea nguruwe. Mtoto hakai karibu na kichwa cha baba yake aliyekufa. Mahali pake ni nyuma, na mkeka uliochanika, na kazi. Baadaye, kwa simu ya peke yake, dada wa marehemu, bibi wa Sydney, ndiye anayeingizwa ndani na kuwekwa kichwani pa kaka yake, juu ya mito, kwa kuwa hapa dada ana cheo kumzidi kaka.

"Kuna kijana mmoja wa Auckland aliniambia, 'Mama, wewe nizungushe tu kote, mimi niko kwenye kitanda changu huku, namvunjia nani heshima?' Nikamwambia, mwanangu, mkeka niliokufunga huo hapo, watu wanakuona. Kaa nyuma na wenzako upulize moto."

"Akapuliza?" Pisila anachombeza.

"Alipuliza kweli! Nilimsikia, fuu, fuu. Wapishi walicheka, halafu mmoja akalia."

Simu yenyewe ilitoka kwa mwanawe wa kwanza, aliyeko Brisbane, alipojinunulia nyingine. Ilifika ikiwa na ufa unaokatisha kioo. Sehemu ya chini kushoto ilishakufa. "Ukiigusa pale ni kama unamgusa mtu aliyezimia," Kalolaine anasema. Kitufe kikiangukia upande huo, inabidi ailaze simu kwa ubavu ili vitufe vihamie kwenye kioo kilicho hai. Akiilaza, walioko ng'ambo wanapiga kelele kwamba jeneza limesimama.

Jua likiwa kali, simu inachemka na kujizima. Dawa yake ni kopo la nyama la baridi kutoka kwenye friji ya duka, linaegeshwa mgongoni mwa simu chini ya ule mkeka. Likipata joto analirudisha dukani na kuchukua jingine. Mwenye duka ameshazoea. Anajua makopo yake yanakwenda kuzika na kurudi.

Sauti ikiwa ndogo, simu inatumbukizwa ndani ya bati tupu la biskuti. Ikilalamika kwamba imejaa, anafuta video za msiba uliopita, baada ya familia kupata nakala yao.

Na kuna mambo yasiyo na dawa. Simu humtambua kwa sura. Lakini siku ya msiba nywele zimefumuliwa, macho yamevimba, nguo ni nyeusi, na simu inamtazama na kumkataa. "Siku ninayoihitaji ndiyo siku isiyonijua," anasema.

Siku nyingine ilimtaka athibitishe kwamba yeye ni binadamu. Ikamletea picha ndogo ndogo, ikasema achague zote zenye taa za kuongozea magari.

"Foa nzima taa hizo hakuna. Nikachagua taa ya barazani kwa mtu. Ikakataa. Nikachagua mshumaa, sijui ulikuwa mshumaa au nguzo. Ikakataa. Nikampigia mwanangu nimuulize hizo taa zikoje, akanijibu, 'Mama, nyekundu, njano na kijani.' Nikamwambia, hizo si rangi za skafu ya kwaya?"

Pisila anaongeza, "Na mimi niliita watu. Niliwaambia njooni mwone, Kalolaine ameambiwa si mtu."

Kinachomkera zaidi ni kuhamishwa kwa vitufe. Analala anajua pa kubonyeza, anaamka kila kitu kimehama. "Nikishazoea mlango, wanauziba, wanatoboa mwingine ukutani. Tena wanafanya Jumapili! Jumapili hapa hata shoka halilii, watu wako kanisani, simu iko nyumbani inafanya kazi peke yake."

Anayasema hayo akicheka, na waliomzunguka wanacheka naye. Kisha anainamisha kichwa, anaanza kuufungua mkeka ambao tayari ulikuwa umefungwa vizuri.

"Lakini si kila kosa ni la simu," anasema.

Kosa analolizungumzia lilitokea mwaka jana, msiba wa Loisi.

Loisi, Mungu amlaze pema, alikuwa mwalimu wa kwaya, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kidogo. Alikuwa na kaka mmoja tu, Semisi, aliyekuwa akilinda maghala Auckland. Karatasi za Semisi zilikwisha muda miaka mingi nyuma. Angepanda ndege kuja kumzika dada yake, asingeruhusiwa kurudi kazini, na kazi hiyo ndiyo ilikuwa ikiwalisha wajukuu wa Loisi. Alibaki. Akamwomba Kalolaine ambebe.

Kaka na dada hapa huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Wakishakua hawalali nyumba moja. Wakiwa chumba kimoja na mtu akatamka mzaha wa kitandani, mmoja wao huinuka na kutoka. Dada akifa, kaka haingii anapooshwa na kupakwa mafuta. Hukaa nyuma na wapishi mpaka jeneza litoke, kisha hufuata kaburini akiwa nyuma ya watu. Semisi aliyajua hayo kuliko wengi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akimpigia Loisi simu ya sauti tu, hataki ya picha, kwa kuwa hakujua atamkuta dada yake amevaaje.

Mpango ulikuwa rahisi. Asubuhi Kalolaine angempeleka ndani Vaisiliva, binti wa shangazi yake Loisi aliyeko Sydney. Huyo ndiye mwenye haki ya kukaa kichwani pa marehemu. Wakimaliza, angemkata, ampigie Semisi, ampeleke nyuma kwenye moshi, kisha kaburini.

Semisi akapiga mapema.

"Sikuwa nimebonyeza kitu cha maana," Kalolaine anasimulia. "Wiki ile walikuwa wamehamisha vitufe. Kilichokuwa cha kumwambia mtu asubiri, kikawa cha kumwingiza. Naona tu kioo kimegawanyika, Vaisiliva juu, Semisi kwenye kidirisha kidogo huku chini. Na kitufe cha kumtoa kiko pale pale penye kioo kilichokufa."

Wanawake walikuwa wamekwisha kuifungua shuka. Walikuwa wakimpaka Loisi mafuta ya nazi yenye manukato, mikono na mabega. Kuilaza simu kwa ubavu kulikuwa ni kumlaza Vaisiliva mbele ya marehemu. Kusema "Semisi, toka" kulikuwa ni kuwatangazia wanawake wote kwamba kaka yumo chumbani.

Basi Kalolaine alifanya kile ambacho mkono wake ulikijua. Alitoa plasta ya kidonda kwenye mkoba, akaibandika juu ya kile kidirisha kidogo, akaufunika uso wa Semisi wote.

"Nikatulia kabisa," anasema. "Nikasema, asante Mungu, nimemfunika macho. Haoni tena."

Waliosimama naye uani wamekwisha kuisikia hadithi hii. Hakuna anayecheka.

Ni Vaisiliva aliyegundua, na alikuwa na sauti isiyojua kunong'ona.

"Kalolaine! Mbona jina la Semisi liko hapa? Semisi yumo?"

"Yumo, dada, ila haoni. Nimemfunika."

"Umemfunika wapi?"

"Usoni. Kwa plasta."

"Uso wake ulioko kwenye kioo chako?"

"Ndiyo."

"Ee Mungu wangu! Kalolaine, mtu haoni kwa hapo! Anaona kwa lile tundu lililowaelekea! Ametuona wote!"

Mikono iliyokuwa ikimpaka Loisi mafuta ilisimama. Mmoja wa wanawake aliivuta shuka kwa nguvu hadi ikamfunika marehemu kidevuni. Kalolaine akaibana simu ubavuni mpaka ikazimika yote, na Semisi, na Vaisiliva.

Kuiwasha tena ilikuwa kazi nyingine. Simu ilitaka sura yake, na sura ile haikuitambua. Ikataka namba ya siri, vidole vikakosea, vikakosea tena, ikajifunga na kumwambia asubiri. Ilipofunguka, jeneza lilikuwa limeshafika makaburini, kwaya imesimama.

"Hapo nilikuwa na nafasi," Kalolaine anasema polepole. "Watu wanisikie vizuri. Simu ilikuwa imefunguka. Chaji ipo, bando lipo. Nilimpigia Vaisiliva, nikamwonyesha kaburi. Semisi sikumpigia. Kidole kilifika kwenye jina lake, kikarudi. Ningemwambia nini? Mwanamume amemwona dada yake vile, kwa mkono wangu. Nilijiambia, nitarekodi, nitamtumia baadaye. Nikazika na aibu yangu."

Familia ilikuwa imekataza simu nyingine makaburini, pasije pakageuka soko. Ya Kalolaine ndiyo ilikuwa peke yake.

Semisi hakupiga tena. Wala siku ile, wala baada yake. Wajukuu wa Loisi waliendelea kupokea hela zao, salamu zikaendelea kuja kwa wengine, jina la Kalolaine halikutajwa.

Kijiji hakikunyamaza namna hiyo. Miezi mizima akipita dukani mtu humwambia, "Kalolaine, nibandike plasta na mimi, mume wangu asinione nimelala." Mwingine kwenye kusuka mikeka alijifunika uso kwa kiganja, akasema, "Jamani, sipo!" Pisila alimtupia nyuzi kichwani yule mwanamke na kumwambia amalize safu yake.

"Nilikuwa namtetea," Pisila anasema, "halafu nikifika nyumbani nacheka peke yangu. Mungu anisamehe. Ungekuwa wewe usingecheka?"

"Ningecheka," Kalolaine anajibu. "Ningecheka mpaka nife."

Tangu hapo kazi yake ina utaratibu mpya. Ameshona kifuko kidogo cha nyuzi za mkeka kinachofunika jicho la kamera, kina kifungo cha ganda la chaza. Kabla ya mlango wowote, kifungo kinafungwa. Kila aliyemo ndani ya simu anaitwa kwa jina, kwa sauti, mbele ya watu, akifika na akiondoka. "Vili, tumefika kwa wapishi. Vili, jeneza linatoka." Vijana wanaona ni mbwembwe. Wazee wamempenda kwa hilo.

Leo, kwa mzee Heneli, anawaita wote saba hadi mwisho. Wa kwenye lori amekwisha kuegesha pembeni mwa barabara. Anaonekana ameivua kofia, nyuma yake magari yanapita. Udongo unapomalizika Kalolaine anamwambia, "Tumemaliza, mwanangu. Nenda salama," naye anabaki ameishika kofia, hajui akate vipi. Kalolaine anamngoja mpaka akate mwenyewe.

Haya yangetosha kuwa maisha ya mshika simu wa Foa. Lakini mwezi uliopita Semisi alirudi. Amerudi moja kwa moja. Karatasi zilimshinda, na mguu wake mmoja umeanza kukataa. Anaishi kwenye nyumba ya baba yake, mwisho wa kijiji. Akienda dukani hupita mbele ya nyumba ya Kalolaine, na wote wawili hutafuta kitu cha kutazama chini.

Kwenye sakafu ya Kalolaine kuna mkeka haujakamilika, mwembamba, wa nyuzi nyeupe, wa aina ambayo mtu hasuki kwa ajili ya kuuza. Ameusuka tangu siku aliyosikia Semisi yuko njiani. Anasema Jumamosi atauchukua, ataenda akae chini mlangoni kwa Semisi, ainamishe kichwa, na hatasema kitu mpaka aambiwe aseme.

"Akiupokea, nitaendelea na simu," anasema. "Asipoupokea, nitamrudishia mwanangu simu yake, nisuke tu. Huwezi kuwabeba watu wakati umemwangusha mmoja."

Haikufika Jumamosi.

Ni Alhamisi, kabla ya saa sita mchana. Kalolaine yuko sakafuni na nyuzi zake, Pisila anamenya majimbi kibarazani, na fimbo inasikika kwenye changarawe. Semisi amesimama mlangoni. Ni mrefu, amekonda, amevaa shati safi lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Pisila anainuka aende, Semisi anamwashiria akae.

"Hodi, Bi Kalolaine."

"Karibu, mzee Semisi. Karibu ndani. Mimi nilikuwa nije kwako Jumamosi..."

"Najua. Pisila ameniambia."

Pisila anatazama majimbi yake.

"Pisila humwambia kila mtu," Semisi anasema, anakaa karibu na mlango, anaunyoosha ule mguu. "Hata mwenye duka kanieleza mkeka umefika wapi."

Kalolaine anaziweka nyuzi chini. Sauti inatoka ndogo. "Mzee Semisi, siku ile ya dada yako..."

"Kwanza nikuulize. Wewe unafikiri niliona?"

Kalolaine anaziokota nyuzi, anaziweka tena chini.

"Mwaka mzima unafikiri niliona?"

"Tundu la kamera lilikuwa limewaelekea."

"Lilikuwa limewaelekea, ndiyo. Niliona mlango. Nikaona mikono ya wanawake, sikujua ni ya nani. Nikajua niko mahali si pangu. Nikafanya hivi."

Anatoa simu yake kwenye mfuko wa shati, anailaza juu ya mkeka. Kifudifudi.

"Ilikuwa mezani, jikoni kwa binamu yangu. Sauti nikaipunguza, nikabakiza ya kulisikia jina langu tu. Nilisikia Vaisiliva akilitaja, maneno mengine sikuyashika, nikajua bado wako chumbani. Nikasema, Kalolaine anajua pa kuniweka. Wakimaliza kule ndani atanipeleka kwa wapishi, ataniita. Nikakaa."

Kisu cha Pisila kimesimama kwenye jimbi.

"Sikuigeuza. Ningeigeuzaje? Pengine walikuwa bado chumbani. Nilichemsha chai, ikapoa. Nikaipasha, ikapoa. Binamu yangu akarudi kazini, akaniuliza, 'Mmeshazika?' Nikamwambia bado, hawajaniita."

Kalolaine ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Yeye ndiye aliyeigeuza," Semisi anasema. "Kioo cheusi. Zamani sana ilikuwa imekatika."

"Nilikuwa na aibu, mzee wangu. Simu ilifunguka, nami sikukupigia. Nilidhani umeona."

"Na mimi nilidhani nimesahauliwa. Basi." Anapangusa goti ambalo halina vumbi. "Sikuja kudai. Mkeka wako ukiumaliza utauleta, nitaupokea, watu watanyamaza. Nimekuja kwa jambo jingine. Wameniambia ulirekodi makaburini."

Kalolaine anainua macho.

"Nataka kuona wanavyomshusha," Semisi anasema. "Hapo naruhusiwa. Hapo niko nyuma ya watu, mahali pangu. Nitasimama nawe, utanishikia simu, nitazame. Nikimaliza nitaenda kwenye kaburi lake. Tangu nimerudi sijaenda. Naona kama sijamzika, nitaendaje kuzuru?"

Kuku anaingia, anatoka. Kalolaine anaunyoosha ukingo wa mkeka.

"Nilirekodi," anasema hatimaye. "Yote. Kwaya, mchungaji, kamba, udongo. Nilirekodi kwa ajili yako."

"Nionyeshe."

"Nimeifuta."

Semisi anaisogeza fimbo kando. Halafu, kwa upole wa mtu anayemfungulia mwenzake mlango, anamuuliza, "Simu ilijaa?"

Lingekuwa jibu jepesi. Kioo kimekufa, vitufe vinahama, simu hujaa. Kijiji kizima kinajua simu ya Kalolaine ilivyo. Pisila anatikisa kichwa kidogo kama anayemsihi aseme ndiyo.

"Haikujaa," Kalolaine anasema. "Nafasi ilikuwepo. Niliifuta wiki ile ile, kabla sijampa mtu nakala, kwa mkono wangu. Kila nilipofungua simu naiona, nikiiona nakumbuka ile plasta. Iliniuliza, 'Una hakika?' Nikabonyeza ndiyo."

Machozi yanamshuka, hayapangusi.

"Nitamwandikia Vaisiliva. Siku ile walikuwa wengi nyumbani kwake, walitazama kwenye televisheni kubwa. Huenda kijana mmoja alihifadhi, hata kipande. Nitawaandikia wote, mmoja mmoja. Nikipata hata kamba tu, hata sauti ya kwaya tu, nitakutafuta. Mzee Semisi, nitakuita."

Semisi anaegemea fimbo, anainuka kwa shida. Pisila ananyoosha mkono amsaidie, hauchukui. Anakizunguka kile kipande cha mkeka mweupe bila kukikanyaga.

"Uniite kwa sauti, mlangoni kwangu," anasema. "Kwenye kioo sitasubiri tena."

Kalolaine anainama, anaiokota ile simu iliyolala kifudifudi, anainyoosha kwake kwa mikono yote miwili. "Simu yako, mzee wangu."

Semisi anaitazama simu, anamtazama yeye. Anavaa kofia, anatoka, na simu yake inabaki mikononi mwa Kalolaine.